Ungeniuliza Kwanza

Mtu mwenye tatuu inayopanda shingoni, ndewe zilizopanuliwa na kipini puani huzoea mapema kwamba salamu yake hujibiwa kwanza na macho, kisha na mdomo. Mimi ni mtu wa namna hiyo, na riziki yangu naipata kwenye uhasibu, kazi ambayo watu wengi huihusisha na tai, miwani na sauti ya chini. Nimeishi hivi muda wa kutosha kuona waliokuwa wakinicheka wakirudi kuniuliza namna ya kumpata fundi mwenye mkono safi, na muda wa kutosha pia kuchoka kueleza mambo ambayo hayahitaji maelezo. Katika muda huo wote, jambo moja limezidi kunidhihirikia: watu wachache sana wana ugomvi na alama zenyewe, na walio wengi wana ugomvi na mtu aliyejiwekea alama pasipo kupewa ruhusa na yeyote.

Mama yangu alinitoga masikio nikiwa mchanga, kabla sijaweza kukaa mwenyewe. Sikuwa na kauli katika jambo hilo, na maumivu yake siyakumbuki. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye kazi na nyumba ya kupanga, nilimwonyesha tatuu yangu ya kwanza: tawi jembamba lenye majani, linaloanzia begani na kuishia nyuma ya sikio la kushoto. Hakufoka. Aliitazama kimya, akapitisha kidole gumba juu ya jani la mwisho na kulisugua kidogo, kama anayepima iwapo litafutika, halafu akasema, “Mwanangu, ungeniuliza kwanza.” Nikamjibu kwa upole kwamba na yeye hakuniuliza aliponitoga. Akacheka sana, kisha akajibu bila hata kufikiri: “Aa, yale ni masikio. Kila mtoto wa kike anatogwa.”

Nimelitafakari jibu lile mara nyingi, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu nilichokuja kukutana nacho baadaye kwa wageni, waajiri na majirani. Ngozi iliyotobolewa ni ileile, na damu iliyotoka ni ileile, lakini tundu lililoamuliwa na wote huonekana kuwa sehemu ya malezi, na lile lililoamuliwa na mmoja huonekana kuwa ukaidi. Ukishaliona hilo kwenye masikio, utaliona kila mahali. Watoto hufungwa nyaya kwenye meno kwa miaka ili meno yapangike. Mvi hupakwa rangi. Nywele hunyooshwa kwa dawa kali inayoweza kuunguza ngozi ya kichwa. Vidole vya miguu hupindishwa ndani ya viatu vyenye ncha mpaka mifupa ikaota kigongo. Hakuna anayemsimamisha mtu njiani kumuuliza kwa nini hakuridhika na meno aliyopewa na Mungu. Swali hilo wameniwekea mimi.

Wapo wanaoniambia kwamba mambo haya ni mageni, ni uasi wa vijana wa siku hizi. Mwaka 1991, kwenye barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, ulipatikana mwili wa mwanamume aliyekufa takriban miaka 5,300 iliyopita, ambaye leo anajulikana kwa jina la Ötzi. Watafiti wamehesabu tatuu 61 mwilini mwake, nyingi zikiwa mistari mifupi na misalaba iliyotiwa masizi, na sehemu kubwa ya alama hizo ziko kiunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu, mahali ambapo mifupa yake ilikuwa imechakaa. Ndiyo maana wengi hudhani zilikuwa tiba. Sijui kama aliuliza ruhusa kwa mtu, lakini ni vigumu kumwona mzee yule mwenye maumivu ya mgongo kama kijana aliyekuwa akiwaudhi wazazi wake.

Kisa kinachonifurahisha zaidi katika historia ya tatuu ni cha Japani na familia ya kifalme ya Uingereza, kwa kuwa kinaonyesha wazi kwamba wino ni uleule na ruhusa ndiyo inayohama. Serikali ya Japani, ikitaka kuonekana ya kistaarabu mbele ya mataifa ya Magharibi, ilipiga marufuku tatuu kwa raia wake mwaka 1872. Mwaka 1881 mwana wa mfalme mtarajiwa wa Uingereza, George, aliyekuja baadaye kuwa Mfalme George V, alifika huko akiwa baharia kijana, akachorwa joka mkononi na mafundi walewale ambao sheria iliwakataza kuwachora Wajapani wenzao. Baba yake naye alikuwa amechorwa msalaba alipozuru Yerusalemu mwaka 1862. Kwa hiyo wale ambao staha yao iliigwa walikuwa wakikunja mikono ya shati kuchorwa, huku walioiga staha hiyo wakiwekwa ndani kwa kosa hilohilo. Marufuku ile iliondolewa mwaka 1948, lakini mabaki yake yapo hadi leo: mabafu mengi ya maji moto nchini humo huwakataa wageni wenye tatuu, kwa kuwa huko tatuu kubwa zilikuja kuhusishwa na magenge ya wahalifu.

Mwaka 2013 bafu mojawapo la aina hiyo katika kisiwa cha Hokkaido lilimkataa mwanamke wa Kimaori, yaani wa wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, aliyekuwa huko kwa mkutano wa lugha za wenyeji, kwa sababu ya alama za kidevuni mwake. Kwa Wamaori, alama hizo hueleza ukoo na asili ya mtu. Anayezivaa amezipata kwa idhini ya jamaa zake, na zina uzito wa hati ya kuzaliwa. Kwa hiyo mwanamke yule alifika mlangoni akiwa na ruhusa kamili ya watu wake, akakuta ruhusa ile haisomeki upande wa pili. Kwao mambo yalikuwa yakienda kwa mwendo mwingine. Mwaka 2016 Nanaia Mahuta alikuwa mbunge wa kwanza mwanamke kuvaa alama hiyo kidevuni katika bunge la Nyuzilandi, mwaka 2020 akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na Desemba 2021 Oriini Kaipara, mwenye alama kama hiyo, alisoma taarifa kuu ya habari ya jioni kwenye televisheni. Barua za malalamiko hazikukosekana, naye aliwajibu walalamikaji bila kufunika kidevu.

Nikitaja mifano hii huwa naulizwa kama ninajifananisha na Wamaori. Hapana. Tawi langu halielezi ukoo wowote. Nililichagua kwa sababu nililipenda. Na hapo ndipo penye ugumu wa watu kama mimi, kwa maana alama yenye ukoo nyuma yake hatimaye huheshimiwa, walau mdomoni, lakini alama iliyowekwa kwa kupendwa tu haina mzee wa kuitetea. Kinachonitia moyo kuendelea kuitetea ni kukumbuka sura ya pili ya ruhusa. Katika karne ya 18 Japani iliwachora wahalifu mikononi au usoni ili wasijifiche tena. Katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz wafungwa walichorwa nambari kwenye mkono wa kushoto na watu waliowahesabu kama mali. Alama za namna hiyo zilikuwa na idhini ya dola, mhuri na daftari, na zilikosa idhini ya mtu mmoja tu, mwenye ngozi. Kwangu mimi idhini hiyo moja ndiyo isiyoweza kuondolewa, na nyingine zote zinajadilika.

Suala la dini siwezi kulipita, kwa sababu ndilo linalotajwa mara nyingi zaidi kuliko yote. Kitabu cha Walawi 19:28 kinakataza kuchanja mwili kwa ajili ya wafu na kujiandika alama, na wanazuoni wengi wa Kiislamu huharamisha tatuu ya kudumu, huku wakiruhusu hina. Upande wa pili, Wakristo wa Kikopti wa Misri wamekuwa wakichora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia kwa vizazi vingi, nao Walawi wanaisoma kama wengine. Anayejizuia kwa imani yake namheshimu kabisa, na sijawahi kumshawishi mtu wa aina hiyo abadili nia. Ninachokataa ni pale ambapo katazo alilolichukua kwa mwili wake linavushwa mpaka kwenye mwili wangu bila hata kuulizwa kama dini yetu ni moja.

Kazini ndiko nilikojifunza mengi, kwa kuwa huko maneno huwa ya adabu na mtu hana budi kuyasoma chini yake. Nakumbuka usaili mmoja katika kampuni ambayo sitaitaja. Walikuwa wasaili watatu, na kwa muda mrefu tuliongea kazi tu: ulinganisho wa taarifa za benki, madeni yasiyolipika, namna ya kushughulikia uchakavu wa mitambo. Niliona kwamba majibu yangu yanawaridhisha. Mwenyekiti wa jopo, mama wa makamo aliyevaa suti nadhifu, alifunga jalada, akaliegemeza kifuani, akauliza: “Samahani dada, hiyo ya shingoni inatoka?” Nikamwambia haitoki. Alipoinama kuandika, mwanga wa dirishani ukamwangukia usoni, nikaona kwamba nyusi zake zote mbili zilikuwa za kuchorwa kwa wino wa kudumu, unywele kwa unywele, kazi ya fundi mzuri sana. Na yeye alikuwa amelala kitandani mbele ya sindano. Nina hakika kabisa kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza kama nyusi zake zinatoka.

Kazi ile sikuipata. Siwezi kuapa kwamba shingo ndiyo iliyoninyima, maana huenda walipata mtu bora, na hilo ndilo jambo baya zaidi katika ubaguzi wa aina hii: hauachi risiti. Mtu hubaki akihesabu nafasi alizozikosa bila kujua ipi ilikwenda kwa uwezo na ipi ilikwenda kwa macho. Mwajiri niliyempata baadaye aliniuliza swali moja tu kuhusu mwonekano wangu, nalo lilikuwa kama majasi ya masikioni ni mazito. Tangu hapo amejali hesabu zilingane, basi.

Sheria nazo, nilipoanza kuzisoma kwa udadisi, nikakuta zinafikiri kama mama yangu. Uingereza, kupitia Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inamlinda kazini mtu mwenye kovu kubwa au umbo lililoharibika vibaya kana kwamba ana ulemavu, lakini kanuni zake za mwaka huohuo zinatoa nje waziwazi tatuu zilizopo mwilini na matundu ya kutoga yaliyotobolewa kwa ajili ya pambo. Marekani, mwaka 2004, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilimsikiliza mfanyakazi wa zamani wa Costco, kampuni ya maduka makubwa, aliyekataa kuvua pete ya nyusi, akidai kwamba anafuata imani inayoutukuza urembaji wa mwili. Mahakama ikaamua kwamba kumwondolea kanuni za mavazi kungemtwisha mwajiri mzigo usiostahili. Waungwana walishalisema hilo kitambo kwa maneno machache: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Methali hiyo nimeisikia kwa masikio yangu, tena sikio mojawapo likiwa limevimba. Nilikuwa nimetoboa gegedu la juu la sikio, sehemu ngumu ambayo, tofauti na ndewe inayoweza kupona ndani ya wiki sita hadi nane, huchukua miezi sita au hata mwaka mzima, kwa kuwa damu haifiki huko kwa wingi. Usiku mmoja sikio likawa jekundu, la moto, linapwita kila nilipolaza kichwa. Zahanati niliyokwenda ilikuwa na muuguzi mmoja aliyekuwa mpole kwa kila mtu kwenye foleni. Kijana aliyejikata kwa kisu akikata kamba alipewa pole, mzee aliyeanguka baiskeli alipewa pole, mimi nikapewa methali. Alinisafisha vizuri, dawa alizonipa zilikuwa sahihi, na sina lalamiko juu ya mikono yake. Lakini nilitoka nikijiuliza kwa nini mwiba wa mpanda baiskeli haukuhesabiwa kuwa wa kujidunga, ilhali hakuna aliyemlazimisha mzee yule kupanda.

Nasema hayo nikijua vyema kwamba hatari zipo, na huwa nakereka na wenzangu wanaozificha ili kushinda ubishi. Sindano ya tatuu hupita ngozi ya juu na kuweka rangi kwenye tabaka la pili, kina cha milimita moja au mbili hivi, na mwili huiona rangi ile kama mvamizi. Seli za kinga huimeza, zinakufa zikiwa nayo, nyingine zinaimeza tena, na ni katika kupokezana huko ndipo picha hubaki. Kitu kinachokaa katika mwili kwa namna hiyo kinastahili kuulizwa kimetengenezwa kwa nini. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haijaidhinisha rangi yoyote kwa ajili ya kudungwa ngozini, na Umoja wa Ulaya ulianza Januari 2022 kubana maelfu ya kemikali katika rangi hizo. Jiji la New York lilipiga marufuku uchoraji wa tatuu kuanzia 1961 hadi 1997 kwa hofu ya homa ya ini, na ingawa wapo wanaosema hofu ile ilichanganyika na dharau, sindano inayotumika kwa watu wawili bila kusafishwa inaweza kweli kuhamisha ugonjwa huo. Watu wenye ngozi nyeusi, kama mimi, tuna uwezekano mkubwa zaidi wa kuota makovu yanayozidi jeraha lenyewe, na fundi asiyeuliza kuhusu makovu ya familia yako kabla ya kukutoboa ni wa kumkimbia.

Upanuaji wa ndewe unadai subira kuliko yote. Unaanza na jasi jembamba, milimita 1.6 hivi, unakwenda 2, kisha 2.4, na kati ya hatua na hatua unasubiri wiki nyingi, unakanda kwa mafuta, unanusa jasi kila unapolitoa ili ujue kama ngozi inachubuka kwa ndani. Ukivuka takriban milimita 10, usitegemee tundu litarudi kuwa dogo. Hayo nayaeleza kwa kila kijana anayeniuliza, na baadhi yao huondoka wakiwa wamekata tamaa, jambo ambalo halinisumbui hata kidogo.

“Utajuta” ndilo neno la pili kwa umaarufu baada ya lile la dini. Huwa silidharau. Utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya watu wazima wa Marekani wana tatuu walau moja, wanawake wakiwa asilimia 38 na wanaume 27, na kwamba karibu robo ya wenye tatuu wanajutia walau moja kati ya walizonazo. Robo si watu wachache. Kuifuta kwa leza kunahitaji kurudi mara nyingi, rangi nyeusi hutoka kwa urahisi kuliko kijani, na ngozi nyeusi huhitaji fundi anayejua kuchagua mwanga asije akaibabua. Hata hivyo nimegundua kwamba wanaonitabiria majuto mara chache huongelea leza. Wanachotabiri ni siku nitakayokubali kwamba wao ndio waliokuwa sahihi, na hamu yao ya kuiona siku hiyo hujitokeza hata wanapoongea kwa upendo.

Takwimu hizo za Marekani zinaweza kumfanya mtu adhani kwamba wingi utamaliza dharau. Sioni dalili hiyo. Dharau huhama tu: mkono ukishazoeleka inapanda shingoni, shingo ikishazoeleka inapanda usoni. Wakati mwingine haihitaji hata ngozi iguswe. Nywele na nguo zatosha. Usiku wa tarehe 11 Agosti 2007, katika bustani ya umma ya mji mdogo wa Bacup, kaskazini mwa Uingereza, kundi la vijana lilimshambulia Sophie Lancaster, msichana wa miaka 20, pamoja na mpenzi wake. Hawakuwa na ugomvi wowote nao. Wawili hao walikuwa wamevaa kigothi: nguo nyeusi, wanja mzito, matundu ya pete usoni, nywele zilizosukwa kwa namna isiyo ya kawaida. Mwanamume ndiye aliyepigwa kwanza. Sophie alipigwa akiwa amekipakata kichwa cha mwenzake kumkinga. Alifariki tarehe 24 mwezi huohuo. Mama yake aliitumia miaka iliyofuata kudai kwamba kuuawa kwa sababu ya mwonekano kuhesabiwe kwa jina lake, na Aprili 2013 Polisi wa Greater Manchester wakawa wa kwanza nchini humo kuanza kurekodi mashambulizi dhidi ya watu wa makundi ya aina hiyo kuwa uhalifu wa chuki.

Kila mtu anapoambiwa kisa hicho husikitika, hata wale wanaoamini kwamba wenye tatuu hawana adabu. Halafu, katika mazungumzo hayohayo, hujitokeza mmoja akauliza, “Lakini na wao, kwa nini wavae vile?” Nimesikia swali hilo likiulizwa kwa nia njema kabisa na watu ambao hawawezi kumuua hata kuku. Sitaki kuwafananisha na wale wa bustanini. Ninachosema ni kwamba “kwa nini wavae vile” linataka marehemu aonyeshe kibali chake.

Si kila swali lina mwiba ndani yake, na imenichukua muda kujua kuyatenganisha. Watoto huuliza kama inauma na kama ninaoga nayo. Ukiwajibu, wanaendelea na mchezo wao. Mtu anayetaka kujua kweli husikiliza jibu mpaka mwisho. Anayetaka kukuweka mahali pako hukatiza, kwa sababu jibu alikuja nalo. Na wapo wanaogusa. Mgeni kabisa, kwenye foleni au kwenye lifti, hunyoosha kidole na kukipitisha shingoni mwangu kana kwamba nimejitundika ukutani. Huwa najitoa taratibu na kusema, “Ndugu yangu, hapana.” Wengi hushtuka, huomba radhi kwa dhati, na hujieleza kwamba walidhani aliyejipamba hivyo anataka kuangaliwa. Kuangaliwa sina neno nako. Mama alinigusa vilevile, kwa kidole gumba, na yeye sikumzuia, kwa kuwa ana haki ambayo mtu wa kwenye lifti hana.

Ningekuwa nadanganya kama ningesema kwamba sisi wenyewe tumeokoka katika tabia ya kutoa na kunyima vibali. Katika vyumba vya kusubiria vya mafundi nimesikia mtu aliyejaa wino kuanzia kifundo hadi kidevu akimcheka msichana aliyekuja kuchorwa nyota ndogo mguuni, kwamba ni wa mtindo, si wa kweli. Nimesikia wanaoona kwamba tatuu isiyo na maana nzito ni upuuzi, na wengine wanaoona kwamba inayohitaji maana ndiyo yenye upuuzi. Rafiki yangu mmoja, mwenye pete saba usoni, alikataa kukaa karibu na mtu aliyechonga meno, akisema hapo sasa amezidi. Nilimwuliza nani aliyeweka mstari alipouweka. Alinijibu kwamba mambo mengine hayahitaji kuulizwa, na sauti yake ilikuwa ya mama yangu kabisa.

Hivi karibuni ofisini kwetu ameajiriwa karani kijana mwenye nywele za buluu na pete mdomoni, na wateja wawili wakalalamika. Meneja, pengine akiona kwamba mimi ndiye mtaalamu wa fani, akaniomba niandae waraka wa mwonekano kwa wafanyakazi wote. Niliandika kurasa mbili. Nilitaka vito vinavyoning'inia vivuliwe na wanaofanya kazi karibu na mashine, vidonda vibichi vya tatuu vifunikwe mpaka vipone, na maandishi au picha zinazomtukana mtu zisionekane mahali pa kazi, ziwe kwenye ngozi au kwenye fulana. Nikaishia hapo, kwa kuwa sikuona sababu nyingine ya kikazi. Waraka ulirudi kutoka kwa uongozi ukiwa umepitishwa wote, ukiongezewa mstari mmoja mwishoni: wafanyakazi waonekane kwa namna inayokubalika. Nimeurudisha nikiwa nimeandika pembeni kwa penseli, “Inayokubalika na nani?” Meneja amenipigia simu kusema kwamba swali ni zuri na kwamba litaingizwa kwenye ajenda ya kikao kijacho. Karani wetu, nilipomsimulia, aliuliza tu kama mpaka siku hiyo anaruhusiwa kuendelea kukaa dirisha la mbele, nami nikamwambia akae.